Injini ya haibridi kunguruma kwenye mwendo mdogo: upi ni mlio wa kawaida na upi ni dalili ya ubovu?

Mkaa Foleni (Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Ninaomba mawazo ya wenye uzoefu wa magari ya haibridi (yanayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme), hususan Toyota Aqua. Gari langu ni la mwaka 2014, lilikuja kutoka Japani likiwa limeshatumika kama yalivyo mengi hapa nchini, na tangu nilipolipata nimekuwa nikilisifia kwa utulivu wake, kwa sababu kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro niliweza kusogea kutoka Kimara hadi Ubungo nikisikia honi za bodaboda kuliko injini yangu mwenyewe.

Hali hiyo imebadilika. Siku hizi injini huwaka mara kwa mara ninapotambaa chini ya kilomita 20 kwa saa, na ikishawaka, mngurumo wake haulingani hata kidogo na mwendo: gari linasogea polepole lakini injini inavuma kwa nguvu ambayo ningeitegemea kwenye mlima. Wakati mwingine nimeshaondoa mguu kwenye mafuta na bado haishuki. Zaidi ya hapo, ninapoliwasha asubuhi kwa mara ya kwanza, gari zima hutikisika kwa sekunde chache pamoja na mlio wa kugonga, kisha hutulia, na jambo hilo halijirudii mpaka kesho yake. Nyuma, karibu na kiti cha abiria, ninasikia mvumo wa feni unaozidi kadiri joto la mchana linavyopanda. Na nikiwa ninakwenda taratibu sana injini ikiwa imezima, mbele kuna mluzi mwembamba ambao hupotea nikiongeza mwendo.

Nililipeleka kwenye karakana moja ambako, kabla ya mtu yeyote kuchomeka mashine ya kupimia, niliambiwa kwamba betri kubwa imekwisha na nijiandae kununua nyingine. Bei niliyotajiwa si ya kutoa kwa kubahatisha. Kwenye dashibodi hakuna taa yoyote ya tahadhari iliyowaka, na ulaji wa mafuta umeongezeka kidogo tu. Ninachotaka kujua ni hiki: katika milio hii yote, upi ni tabia ya kawaida ya haibridi, na upi ni dalili ya ubovu unaopaswa kushughulikiwa mapema?

Spana Namba Kumi (Gerezani)

Ndugu Mkaa Foleni, usinunue betri bado. Umeeleza milio minne ambayo haina chanzo kimoja, na fundi aliyeipa yote jina la betri bila kupima alikuwa na jibu lake mdomoni kabla hujafika.

Tuanze na mngurumo wa kwenye foleni, kwa kuwa ndio unaowachanganya wengi. Katika gari la kawaida masikio yetu yamezoea kwamba injini na matairi vimefungwa pamoja kupitia gia: mwendo ukipanda, mlio unapanda, mwendo ukishuka, mlio unashuka. Aqua haina giaboksi ya namna hiyo. Ndani yake mna mota mbili ambazo pia ni jenereta, pamoja na seti ya gia za sayari inayoziunganisha na injini: gia ya katikati imeshikwa na mota ya kwanza, fremu inayobeba gia ndogo za pembeni imeshikwa na injini, na gia ya nje ndiyo inayoelekea kwenye matairi, ikisaidiwa na mota ya pili. Kwa mpangilio huo kompyuta inaweza kuizungusha injini kwa kasi inayoitaka huku gari likitambaa, au hata likiwa limesimama, kwa kubadilisha tu kasi ya mota ya kwanza. Mota hiyo hiyo ndiyo inayoiwasha injini, na ndiyo maana husikii stata ikilia kama kwenye magari mengine.

Injini yenyewe ni ya lita 1.5, ile inayojulikana kwa jina la 1NZ-FXE, yenye nguvu farasi 74 tu, na hufanya kazi kwa mzunguko wa Atkinson, ambapo vali za kuingizia hewa huchelewa kufungwa ili mafuta yatumike kwa ufanisi zaidi. Injini ya aina hii ina hasara ikiwashwa kwa kazi ndogo. Kwa hiyo kompyuta ikishaamua kuiwasha huipa mzigo wa kutosha kwa mizunguko michache, hutumia sehemu ya nguvu kusukuma gari, na inayobaki huipeleka kwenye betri. Mvumo mzito unaousikia mpaka kwenye kiti ukiwa kwenye kilomita 15 kwa saa ni wa injini inayochaji, wala hauna habari na mwendo wako. Ndiyo maana mimi huwa simwulizi mteja mlio ni mkubwa kiasi gani. Ninamwuliza unaanza wakati gani, na unakoma wakati gani.

Injini ikiwa ya baridi itawaka hata kama betri ina chaji nzuri, ili ipashe moto masega ya ekzosi yaweze kusafisha moshi, na katika dakika ya kwanza mlio wake huwa mkavu kidogo na haufuati mguu wako, kwa sababu gari linasukumwa zaidi na umeme huku injini ikishughulikia joto lake. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam hilo humalizika mapema. Kisha kuna kiwango cha chaji. Kompyuta haiachi betri ishuke mpaka mwisho wala haijazi pomoni. Huiweka takriban kati ya asilimia 40 na 80, na ikikaribia ile 40, injini itawaka ichaji hata kama umesimama kwenye taa. Kiyoyozi cha Aqua nacho kinaendeshwa na umeme wa betri hiyo hiyo, kwa hiyo foleni ya saa nane mchana ukiwa umekifungulia mpaka mwisho itaiwasha injini mara nyingi kuliko foleni ya saa moja asubuhi. Huo si ugonjwa.

Sasa nikuulize jambo ambalo ninaliona kila siku: mkisimama kwenye foleni, gia huwekwa N? Wengi hufanya hivyo kwa mazoea ya magari ya zamani, wakiamini kwamba wanalipumzisha gari. Kwenye N mfumo huu hauchaji betri kubwa hata kama injini inazunguka, ilhali kiyoyozi, taa na redio vinaendelea kula umeme. Ukirudisha D, kompyuta inakuta chaji imeshuka, na kinachofuata ni mngurumo mrefu wakati gari ndiyo kwanza linasogea. Acha D, kanyaga breki, basi.

Chungulia pia chini ya gari. Kama aliyekuwa nalo kabla yako, au karakana yoyote, aliyatoa masega kwenye ekzosi (biashara ya kuyauza ambayo mnaijua), kila injini inapowaka utaisikia kuliko wenye gari kama lako, na kwa kuwa haibridi huwaka na kuzima mara nyingi, kero hiyo haizoeleki.

Mtikisiko wa asubuhi nimeuacha makusudi. Kabla sijausemea, ninaomba majibu ya mambo matatu. Je, maji ya rejeta yanapungua kwenye chupa yake? Je, mtikisiko huwa mkubwa zaidi gari likilala baada ya safari ndefu? Na wakati linatikisika, kuna moshi mweupe kwenye ekzosi?

Mzawa wa Makambako

Niongezee kidogo kwa aliyoyasema mkuu Spana. Mngurumo unaobaki baada ya kuondoa mguu kwenye mafuta unaweza kuwa unatoka kwenye rungu la gia. B iko jirani na D, na ni rahisi mtu kuvuta rungu likapitiliza bila yeye kuona. Gia hiyo imewekwa kwa ajili ya miteremko mirefu: huilazimisha injini izungushwe bila kuchoma mafuta ili ilizuie gari, na kwa hiyo inanguruma wakati hujagusa mafuta kabisa. Mahali pake ni Kitonga ukitoka Iringa kuelekea Mikumi, au ukiwa unashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Kwenye foleni haina kazi, na zaidi ya kelele inapunguza umeme ambao breki ingeurudisha kwenye betri.

Hata ukiwa kwenye D, mteremko ukiwa mrefu kiasi cha betri kujaa, utaisikia injini ikipanda ghafla bila wewe kufanya lolote, kwa sababu umeme wa breki umekosa pa kwenda na mfumo unaumaliza kwa kuizungusha injini. Abiria hushtuka sana hapo. Mara nyingi mimi huwaambia kabla hatujaanza kushuka. Na huku kwetu, baridi ya mwezi wa Julai huifanya injini ichelewe kuzima asubuhi, kwa hiyo ukija Makambako usilishangae gari lako likibadilika tabia.

Msafiri wa Thika Road (Nairobi)

Hamjambo nyote. Ninachangia kutoka upande wa Nissan, kwa sababu watakaosoma maelezo haya wakiwa na Note e-Power wasije wakayachukua yote jinsi yalivyo.

Note ya mfumo huo ilianza kuuzwa Japani mwezi Novemba 2016, na kwa kuwa hapa Kenya hairuhusiwi kuingiza gari lililotumika zaidi ya miaka minane, nazo ni miongoni mwa zinazoonekana barabarani kwa sasa. Injini yake ni ya lita 1.2 yenye silinda tatu, nayo haijaunganishwa na magurudumu kabisa. Kazi yake ni kuzungusha jenereta, na gari lenyewe husukumwa na mota ya umeme muda wote. Kwa hiyo mtengano wa mlio na mwendo ambao Spana ameueleza kwa Aqua, kwenye Note ni mkubwa zaidi: unaweza kuwa unatafuta nafasi ya kuegesha na injini iko juu, halafu ukashika barabara kuu ikazima.

Kuna jambo moja kuhusu Note yenye e-Power ya kizazi cha pili, ile iliyotoka mwishoni mwa 2020, ambalo watu wengi hapa hawalijui na linawapeleka kwa mekanika bure. Wahandisi waliipa kompyuta uwezo wa kutambua barabara yenye mashimo kwa kufuatilia namna magurudumu yanavyozunguka, kisha wakaiagiza ipendelee kuwasha injini na kuchaji hapo hapo, kwa vile kelele za matairi zinaufunika mlio wa injini, na barabara ikiwa laini iiache injini ikiwa imezima. Kule Japani huo ni ustadi wa kupendeza. Kwenye barabara ya murram, ambako mashimo hayaishi na mwendo ni mdogo, maana yake ni kwamba injini itawaka mara nyingi, na kwa kilomita 15 kwa saa kelele za matairi hazitoshi kuifunika. Jirani yangu alishaanza kutafuta injini nyingine mpaka alipoliendesha gari lake kwenye lami mpya na kulikuta limenyamaza.

Wenye Honda Fit ya haibridi ya kizazi cha tatu (mwishoni mwa 2013 hadi mwanzoni mwa 2020), mfumo wenu ni tofauti tena: una giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili, na mishtuko ya kwenye mwendo mdogo ichunguzwe huko kwanza.

Mkaa Foleni (Dar es Salaam)

Ninawashukuru sana ndugu zangu. Nimeyafanyia kazi maelezo yenu na haya ndiyo niliyoyakuta.

Mdogo wangu, ambaye hulitumia gari mchana, ndiye mwenye desturi ya kuweka N kila tunaposimama. Tangu alipoacha, mngurumo wa kwenye foleni umepungua kwa kiasi cha kuonekana, ingawa haujaisha. Rungu huwa kwenye D, si B, na masega yapo mahali pake. Kuhusu feni, pembeni mwa kiti cha nyuma, chini, kuna tundu lenye vipasuo vya kuingizia hewa, na vitambaa vya viti nilivyoshonewa vilikuwa vimelifunika karibu lote. Nilipokifunua kitambaa nikakuta vumbi limegandamana na nyuzi kwenye vipasuo kama godoro jembamba.

Sasa mtikisiko. Chini ya boneti kuna chupa mbili za maji. Ya inverta (kifaa kinachobadilisha umeme wa betri kwa ajili ya mota) iko sawa. Ya injini imeshuka chini ya mstari wa mwisho, wakati sakafu ninapoegesha ni kavu kabisa na kwenye mipira ya maji sioni tone. Mtikisiko ulikuwa mbaya zaidi asubuhi iliyofuata baada ya safari ya Bagamoyo kwenda na kurudi. Moshi mweupe upo kidogo, na una harufu ya utamu-utamu ambayo si ya petroli.

Bi Volti (Mombasa)

Kaka Mkaa Foleni, hilo la maji ninamwachia Spana, maana ndilo zito. Mimi niseme juu ya umeme.

Betri ya Aqua ni ya nikeli, ina moduli 20 za volti 7.2 kila moja, jumla volti 144, na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari inayovutwa na feni kupitia tundu hilo ulilolikuta limezibwa. Hewa isipopita, betri hupata joto, kompyuta hupunguza umeme inaoutoa na inaoupokea ili isiungue, na pengo hilo hujazwa na injini. Kwa hiyo sehemu ya mngurumo wako wa mchana inawezekana ilikuwa inatoka kwenye kitambaa cha kiti. Safisha tundu kwa mashine ya kuvuta vumbi ukiwa nje ya betri, usifungue kitu. Feni yenyewe ikihitaji kutolewa isafishwe, hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea: nyaya za rangi ya chungwa zinaua, na hata plagi ya usalama ikishachomolewa husubiriwa dakika 10 kabla ya kugusa, kwa kuwa inverta huwa bado imeshika umeme.

Ila nitofautiane kidogo na Spana hapo aliposema usinunue betri. Ninakubali usinunue, lakini usiiondoe betri kwenye hesabu. Hiyo ni ya mwaka 2014, na kama haijawahi kubadilishwa imeshaishi kwenye joto la kutosha. Chomeka kifaa cha OBD (cha kusomea kompyuta ya gari), tumia programu ya simu inayoonyesha volti za kila kundi la moduli, kisha endesha: kanyaga mafuta kwa nguvu, halafu shika breki kwa muda mrefu. Makundi yote yakipanda na kushuka pamoja, betri ni nzima kwa umri wake. Kundi moja likizama peke yake wakati wa kukanyaga, na likapaa kuliko wenzake wakati wa breki, hilo ndilo bovu. Bila hata kifaa, tazama vijiti vya chaji kwenye dashibodi. Betri iliyochoka hutoka vijiti viwili hadi kujaa kwa muda mfupi usioelezeka, kisha ikaanguka vile vile.

Huo mluzi wa mbele usiuguse. Si injini wala si ubovu, bali ni spika ndogo iliyowekwa kumwonya mpita njia kwamba kuna gari linakuja kimya, na sauti yake hufuata mwendo mpaka kwenye kilomita 25 hivi kwa saa, kisha hukoma kwa sababu hapo matairi yenyewe yanasikika. Japani ilitoa mwongozo wa jambo hili mwaka 2010, na tarehe 30 Agosti mwaka huo Toyota wakaanza kuuza kifaa hicho kwa ajili ya Prius. Baadaye Umoja wa Mataifa ukaweka kanuni namba 138, inayotaka gari la namna hii lisikike angalau kwa desibeli 50 kwenye kilomita 10 kwa saa na 56 kwenye kilomita 20. Ninawajua mafundi wanaoichomoa spika hiyo kwa kuwa mteja amelalamika. Asiyeona anayevuka pale Mwembe Tayari hana njia nyingine ya kujua kwamba gari lako liko mbele yake.

Spana Namba Kumi (Gerezani)

Dada Volti amesema vyema, na kipimo hicho cha makundi ya moduli kifanyike. Ni cha nusu saa tu.

Ndugu Mkaa Foleni, majibu yako ya maji yamenitosha kukuambia kwamba hilo ndilo la kushughulikia sasa. Mtikisiko wakati injini inawaka una vyanzo vitatu vya kawaida, na wakati wa kutokea ndio unaovitenganisha. Mipira inayoshikilia injini ikichoka, gari hutikisika kila injini inapowaka na inapozima, kutwa nzima, maana kwenye haibridi jambo hilo hutokea mara nyingi sana kwa siku. Sahani ya springi iliyo kati ya injini na gia, inayomeza mishtuko, ikilegea, utasikia mgongano wa chuma katika nyakati hizo hizo, pia kutwa nzima. Lako hutokea mara moja tu, baada ya kulala usiku, na maji yanapungua bila kuvuja nje. Hayo yanaelekeza kwenye maji kupenya polepole usiku kuingia kwenye silinda kupitia gasketi ya silinda hedi, yaani kiziba kilicho kati ya injini na kichwa chake cha juu. Asubuhi silinda hiyo inashindwa kuwaka mpaka maji yatoke kama moshi mweupe wenye utamu wa kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), kisha injini inatulia na wewe unasahau. Baada ya safari ndefu mfumo huwa na joto na presha kubwa unapoegesha, ndiyo maana asubuhi ile ya baada ya Bagamoyo ilikuwa mbaya zaidi.

Ugonjwa huu unajulikana zaidi kwa Prius ya kizazi cha tatu yenye injini ya lita 1.8, na mara nyingi huhusishwa na masizi yanayoziba kipoza cha mfumo wa EGR, ule unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la uchomaji. Masizi yakijaa, moshi haugawanywi sawasawa, injini hugonga, na gasketi huumia. Injini ya Aqua nayo ina EGR yenye kipoza, kwa hiyo sehemu hiyo inastahili kufunguliwa na kuoshwa hata kama gasketi itakutwa nzima.

Sasa usikubali fundi afungue silinda hedi kwa maneno yangu. Kwanza asome kompyuta, atafute kumbukumbu za P0300 hadi P0304, yaani misimbo ya silinda kushindwa kuwaka, ambazo huweza kuwepo bila taa kuwaka kwenye dashibodi. Pili, jioni injini ikiwa ya baridi, afunge pampu ya presha kwenye mfumo wa maji, aujaze presha na auache usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha, atoe plagi za silinda na aingize kamera nyembamba kwenye kila silinda. Pistoni inayopokea maji huonekana safi na yenye unyevu, wakati wenzake ni weusi kwa masizi. Tatu, kuna kipimo cha dawa ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa maji. Ikigeuka njano, gesi ya uchomaji inaingia kwenye maji. Vipimo viwili kati ya hivyo vikikubaliana, fungua.

Ikithibitika, silinda hedi ipelekwe ikapimwe unyoofu wake, gasketi na bolti zake ziwe mpya, na EGR pamoja na njia zake kwenye manifoldi zisafishwe siku hiyo hiyo. Wapo watakaokushauri uweke injini ya mtumba kwa kuwa ni haraka. Inawezekana, lakini injini hiyo imetoka kwenye gari la umri ule ule na haijaoshwa EGR, kwa hiyo uliza itasafishwa kabla ya kufungwa au la. Dawa za unga za kuziba uvujaji usiziweke. Huziba na mahali pasipotakiwa kuzibwa.

Mkaa Foleni (Dar es Salaam)

Nimekuelewa, mkuu. Vipimo nimeviwekea miadi wiki ijayo kwa fundi mwingine mwenye kamera. Swali la mwisho: Jumamosi nina safari ya kifamilia ya Morogoro. Nikijaza kulanti mpaka mstari wa juu na kutembea na dumu la akiba, ninaweza kwenda na kurudi?

Spana Namba Kumi (Gerezani)

Hapana. Pandeni treni ya SGR, mtafika mapema kuliko kwa gari. Maji hayabaniki, na silinda ikipokea mengi kwa usiku mmoja, mota ya kwanza ina nguvu ya kutosha kuilazimisha injini izunguke mpaka mkono wa pistoni upinde. Hapo tutakuwa tumetoka kwenye gasketi tumeingia kwenye injini nzima, na pengine utakuwa umelala Morogoro.

Jaza kulanti kwenye chupa ya injini, si ya inverta, injini ikiwa ya baridi, na usitumie maji ya bomba. Mpaka siku ya kipimo, gari likae. Likihitaji kupelekwa, lipakiwe juu ya gari la kubebea. Kama litavutwa, magurudumu ya mbele yainuliwe yasiguse chini, kwa sababu yakizunguka barabarani yanazungusha mota na kuzalisha umeme.